Mlima Nyuma ya Paa: Tathmini ya Labo Moja ya Picha za Zamani Mjini Goma

Picha tatu nilizozipeleka labo hazina mtu anayetambulika ndani yake. Zote ni picha za nyumba. Ya kwanza ni nyumba ya baba yake babu huko Lubero, yenye paa la nyasi, ukuta wa udongo uliosilibwa vizuri na mgomba mmoja uliosimama kando ya mlango. Ya pili ni nyumba ambayo babu mwenyewe aliijenga hapa Goma, na nyuma ya karatasi yake pameandikwa kwa wino «Goma, 1974». Ya tatu ni nyumba hiyo hiyo ya Goma, iliyopigwa kwa rangi miaka kama kumi baadaye, na leo imegeuka nyekundu yote, kana kwamba imechovywa katika mafuta ya mawese. Picha hizi zimepita mikononi mwa mafundi wawili, na kwa kuwa najua jinsi familia nyingi za mji huu zilivyo na bahasha kama yangu, iliyofichwa chini ya godoro au katikati ya kurasa za Biblia, naona ni wajibu wangu kueleza kwa urefu nilichokipata kwa kila mmoja wao.

Kwanza ieleweke kwa nini picha ya nyumba ina uzito huu kwetu. Nyumba ya babu haipo tena. Ilikuwa si mbali na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, na tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo iliposhuka, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaukata mji katikati na kuingia Ziwa Kivu, kanisa lile liliangamia na nyumba yetu ikaangamia pamoja nalo. Inakadiriwa kwamba asilimia 13 hivi ya mji ilifunikwa siku zile. Kwingineko nyumba ikiungua au ikibomoka hubaki msingi, hubaki kisima, hubaki mparachichi ambao mtu anaweza kusimama chini yake na kusema kwamba ni hapa. Kwetu msingi wenyewe uko chini ya jiwe jeusi, na juu ya jiwe hilo watu wamekwisha kujenga upya kwa mbao na mabati. Bibi alivuka mpaka kwenda Gisenyi akiwa na sufuria mbili, na picha hizi tatu amezifunga ndani ya kikwembe. Hakuna kitu kingine cha nyumba ile tulichobaki nacho, na ile picha ya mwaka 1974, ambayo ndiyo nitakayoizungumzia zaidi, ina ukubwa wa sentimita 9 kwa 13 tu.

Fundi wa kwanza simtaji, wala mtaa wake siutaji, kwa sababu sikusudii kumharibia mtu riziki. Aliipokea picha ya pili, akaipiga kwa simu ikiwa mezani chini ya taa ya dari, akaipitisha katika programu ya kufufua picha za zamani, na baada ya robo saa akanionyesha nyumba inayong'aa. Niliifurahia kwa muda mfupi, kisha nikaanza kuitazama. Ukuta wa chini, ambao babu aliujenga kwa mawe ya volkano hadi usawa wa magoti kabla ya kupandisha mbao, ulikuwa umelainika kama saruji iliyopakwa rangi jana. Madirisha yaliyofungwa kwa vibao yalikuwa yamepata vioo. Pipa la maji ya mvua lililosimama chini ya mfereji wa paa, ambalo shangazi zangu wote walichota humo wakiwa wasichana, lilikuwa limekuwa kichaka chenye maua. Na anga, ambalo katika karatasi halisi ni jeupe lenye ukungu na madoa, lilikuwa limesafishwa likawa tupu kabisa. Nililipa dola 5, nikaondoka na picha ya nyumba ambayo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kulala ndani yake.

Sisemi kwamba programu hizo hazina kazi. Kwa picha ya sura ya mtu zinaweza kusaidia, maana yupo bado anayemjua aliyepigwa, naye atasema papo hapo kwamba pua ile si yake. Lakini programu ya namna hii haioni kilichofutika. Hukisia, kwa kufuata picha nyingi sana ilizofundishwa nazo, na sidhani kwamba nyumba za mbao zilizokalia mawe ya volkano zilikuwa nyingi katika mafunzo hayo. Panapokosekana kitu, huweka kile kilicho cha kawaida mahali pengine. Mashahidi wa nyumba nao wanapungua kila mwaka. Shangazi yangu mkubwa ana miaka 78, na wajukuu wakikua mbele ya picha yenye vioo, watasema babu alikuwa na vioo, na hatabaki mtu wa kuwakatalia.

Kwa fundi wa pili nilielekezwa na muuza fremu wa mtaa wa Birere. Ameniomba nisiandike jina lake wala namba yake ya simu, kwa maelezo kwamba kazi inayoletwa na watu wanaoelekezana inamtosha yeye na kijana anayemsaidia, nami naliheshimu ombi hilo. Anayemhitaji awaulize wauza fremu wa huko huko, atafikishwa. Labo yenyewe ni chumba kimoja cha mbao chenye meza mbili, kompyuta, skana ya kulaza picha, kamera iliyofungwa kwenye nguzo ikitazama chini, na betri za sola kwa ajili ya saa ambazo umeme hukatika. Ukifika, kabla ya kuzungumzia bei, unaulizwa ni nani katika familia bado anaikumbuka nyumba hiyo. Nilijibu kwamba ni shangazi. «Basi, Mama, siku ya kazi uje naye,» akaniambia. «Mimi nitaisafisha karatasi, lakini nyumba anaijua yeye.»

Tulirudi wote wawili siku ya Jumanne. Aliipangusa vumbi ile picha ya pili kwa brashi laini, bila maji wala kitambaa, akailaza katika skana na kuisoma kwa nukta 1,200 kwa kila inchi, kiwango ambacho kwa karatasi yenye ukubwa ule kinaruhusu kuchapisha hadi sentimita 36 kwa 52. Alinieleza kwamba anahifadhi ngazi nyingi zaidi za kijivu kuliko picha ya kawaida ya simu, kwa sababu katika picha iliyofifia mara nyingi kitu hakijatoweka, bali kimejificha kati ya weupe mmoja na weupe mwingine unaokaribiana nao sana. Kisha akaikuza sehemu ya anga na kuanza kuongeza giza kidogo kidogo. Mstari ukatokea juu ya paa, upande wa kushoto, ukipanda kwa mteremko mkali, halafu ukakatika ghafla na kwenda bapa, kama chungu kilichovunjwa mdomo. Mimi niliona doa. Fundi aliondoa mkono kwenye kipanya, akageuka. «Mama Mkubwa, hili ni doa au ni kitu?» Shangazi aliinuka kwenye kiti, akasogeza uso hadi karibu aguse kioo cha kompyuta, akasema: «Huyu ni Nyiragongo. Asubuhi ukitoka nyuma kwenda jikoni, unamkuta hapo hapo.»

Nataka msomaji apime thamani ya kitu hicho. Nyiragongo una kimo cha mita 3,470 na uko kaskazini mwa mji, umbali usiofika kilomita 20. Ukionekana nyuma ya paa, basi aliyepiga picha alikuwa amesimama kusini mwa nyumba, na mlango tunaouona mbele yetu ulielekea ziwani. Kwa zaidi ya miaka ishirini familia yetu imebishana juu ya jambo hili, baba mdogo akishikilia kwamba mlango ulitazama magharibi na kwamba nyumba ilikuwa ng'ambo ya pili ya njia, shangazi akikataa bila kuwa na cha kuonyesha. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, tulikwenda mtaani na nakala mkononi, tukasimama, tukasogea, tukasimama tena, mpaka mteremko wa mlima ulipokaa kama ulivyokaa kwenye karatasi. Hatuwezi kusema kwamba ni hapa kwa kipimo cha mita, kwa kuwa paa la kulinganishia halipo na ardhi yenyewe imepanda, lakini ng'ambo ya njia tunaijua sasa, na baba mdogo alinyamaza kwa namna ya mtu aliyeridhika. Na huo mstari wa mlima ndio ambao programu ya fundi wa kwanza iliufuta pamoja na uchafu wa anga.

Kazi ya kutengeneza iliyobaki ilikuwa ya subira kuliko ya maajabu. Kulikuwa na mkunjo uliopita kati ya dirisha na mlango, bila shaka tangu siku ya kikwembe, na fundi aliuziba kwa kunakili punje za mbao zilizo kando yake, ubao kwa ubao, akifuata upande ambao nyuzi za kila ubao zinaelekea. Kona ya chini kulia ilikuwa imeliwa na mende, ambao hupenda ile tabaka ya jelatini inayobeba picha. Nilimwomba aijaze kwa mawe kama yale yaliyo karibu. Alimuuliza shangazi palikuwa na nini pale. Shangazi akafikiri, akasema labda ngazi, labda banda la kuku. Kwa sababu ya «labda» hizo mbili fundi akakataa, akaiacha kona ikiwa kijivu kitupu. Nilitoka pale nimenuna, na nakiri kwamba ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwamba uamuzi huo ndio unaoitofautisha labo hii na nyingine nilizozijua. Kona ile ya kijivu inaniambia mpaka wapi naweza kuiamini picha, na sehemu zote nyingine zinapata nguvu kutoka kwake.

Picha ya Lubero ilikuwa na tatizo lake. Ilikaa miaka mingi katika fremu iliyobanwa moja kwa moja na kioo, unyevu ukaingia, na jelatini ikagandamana na kioo chenyewe. Wengi huingiza wembe hapo, na tabaka la picha huvuka pamoja na kioo likiacha karatasi nyeupe. Fundi hakuigusa. Aliusafisha upande wa nje wa kioo, akaiweka chini ya kamera ya nguzo, akawasha taa mbili, moja kila upande, zikiangaza kwa pembe ya nyuzi 45 ili mng'ao usirudi kwenye kamera, akaipiga ikiwa vile vile ndani ya kioo chake. Picha imetoka na vivuli viwili vya rangi ya maziwa pale palipogandamana, na bado naihesabu kuwa kazi nzuri kupita zote tatu, kwa sababu asili yake imerudi nyumbani nzima.

Kuhusu picha ya rangi sina mengi. Rangi za karatasi za miaka ile zilikuwa na udhaifu unaojulikana, yaani ile tabaka ya samawati hufifia kabla ya nyingine na kuziachia nyekundu na manjano uwanja, na joto na unyevu huharakisha jambo hilo. Fundi anaweza kuupunguza wekundu kwa kompyuta, lakini hawezi kujua kwa hakika mlango ulikuwa wa rangi gani. Shangazi anasema ulikuwa wa kijani. Baba mdogo, aliyeupaka mwenyewe, anasema ulikuwa wa bluu. Kazi hiyo haijakwisha, nami sitaki kuihukumu kabla.

Kitu ambacho ningependa kila labo ya Goma, Bukavu na kwingineko ikiige ni utaratibu wa kukabidhi. Kwa kila picha nilipewa mafaili mawili katika flashi yangu, moja likiwa picha kama ilivyosomwa na mashine, pamoja na mkunjo na madoa yake yote, na la pili likiwa lililotengenezwa. Nyuma ya nakala iliyochapishwa aliandika kwa penseli, pembezoni, tarehe ya kazi na maneno machache ya kile alichokigusa: mkunjo umezibwa, anga limekolezwa, kona haikujazwa. Aliniambia nisiandike kamwe kwa kalamu ya wino nyuma ya picha, akanionyesha jinsi maandishi ya «Goma, 1974» yalivyokwisha kupenya na kuacha alama hafifu juu ya paa la mabati. Alama hiyo nayo hakuifuta katika faili la kwanza. Nilipotaka kuwatumia ndugu walioko Butembo na Kampala kwa WhatsApp, alinielekeza nitume faili kama hati, nisitume kama picha, kwa sababu likitumwa kama picha hubanwa, na mlima ungepotea tena njiani.

Upungufu upo, na baadhi yake si mdogo. Aliniahidi siku 10, kazi ikachukua 24, na mara mbili nilipanda pikipiki hadi Birere nikakuta mlango umefungwa bila taarifa yoyote. Stakabadhi haitoi, jina lako linaandikwa katika daftari la shule, na mtu anayeacha kitu kisichokuwa na mfano duniani anastahili karatasi ya kushika mkononi. Wino anaotumia ni ule unaoyeyuka kwa tone moja la maji, jambo ambalo katika mji wenye mvua kama wetu na mapaa yaliyotobolewa na kutu ni la kuangaliwa sana, hivyo nakala iliyochapishwa ichukuliwe kama ya kutazama, na mafaili ndiyo yatunzwe mahali zaidi ya pamoja.

Kosa lililonikasirisha kweli ni la fremu, au kadre kama tunavyosema hapa. Baada ya kunifundisha kwa ufasaha jinsi picha ya Lubero ilivyoharibiwa na kioo, kijana wake aliniletea nakala ya Goma imebanwa na kioo vile vile, bila nafasi hata ya unyuzi. Nilimrudishia fundi pale pale. Aliitazama, hakujitetea, akaifungua misumari mbele yangu, akakata ukanda mwembamba wa katoni kuzunguka pande nne ili kioo kisiguse karatasi, akaifunga upya bila kuongeza bei. Nilimpenda kwa hilo, ila mteja asiyejua angeondoka na fremu ile ya kwanza. Kwa hiyo iangalie fremu yako ubavuni kabla ya kulipa, na usipoona nafasi kati ya kioo na picha, usiipokee.

Bei nilizolipa mimi ni dola 20 kwa picha ya mwaka 1974 pamoja na nakala mbili, dola 15 kwa ile iliyogandamana na kioo, na dola 18 kwa fremu. Ya rangi tulikubaliana dola 10. Kwa familia nyingi hizo si fedha ndogo, na sitamlaumu anayeziona kubwa. Mwenye fedha ya picha moja tu ningemshauri aache fremu, aache hata kutengeneza, alipie kusomwa kwa picha kwa kiwango cha juu na kupewa faili lisiloguswa, kwa sababu kutengeneza kunaweza kungoja mwaka mwingine, lakini karatasi inaendelea kuchakaa leo. Anayetaka nyumba ya babu yake ipakwe rangi, ipewe bustani na anga la samawati kwa ajili ya sherehe, atafute labo nyingine. Hapa atarudishwa kwa heshima. Shangazi mwenyewe angependa ile ya mwaka 1974 iwe ya rangi, na alikataliwa mbele yangu, jambo ambalo naona fundi angeweza kulifanya katika nakala ya pembeni iliyoandikwa wazi kwamba ni ya kubuni, ili mama wa miaka 78 apate furaha yake bila asili kuguswa. Tulilijadili, hakubadilika.

Ukienda, beba picha katikati ya katoni mbili ngumu, usizikunje wala kuzibandika, na uende na mzee anayeijua nyumba, hata kama safari ni ya taabu kwake, kwa kuwa fundi huyu hufanya kazi nusu kwa macho yake na nusu kwa masikio. Jumamosi asubuhi usimfuate, kwani ni saa za salongo, yaani kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa.

Nakala ya Goma iko ukutani kwa shangazi sasa, upande usiopigwa na jua, juu ya redio. Ile ya rangi bado iko labo. Jana fundi alinipigia akisema amepata kipande kidogo cha mlango, chini ya bawaba, ambako rangi ilikuwa imefunikwa na ukingo wa fremu ya zamani na haikufifia sana, na anaomba tuje Alhamisi, mimi, shangazi na baba mdogo, tukitazame pamoja.